Usiulize Bei Mara Mbili

Maskati, Oman
Jumamosi, baada ya chakula cha mchana

Dada yangu Agripina,

Kamwene, dada, na shikamoo. Najua ukikabidhiwa barua moyo wako utakimbilia msiba, kwa hiyo nianze na hilo: sijafa, siumwi, na miguu yangu yote miwili ipo. Wewe je, goti linasemaje? Bado unashuka mwenyewe ule mteremko wa kwenda bombani au umepata akili unaletewa maji? Na Editha anaendeleaje na tumbo lake? Anakula? Miguu haijavimba? Ukionana naye mtazame vizuri usoni, maana mwanangu yule akisema "sijambo" ndiyo huwa anaumwa.

Utauliza kwa nini naandika wakati simu ipo. Sababu ya kwanza ni wewe, unisamehe. Nikikutumia sauti unaifungulia pale gengeni, tena kwa nguvu zote, Ilula nzima pamoja na abiria wa mabasi wanasikia mambo yangu. Sababu ya pili ni bosi wangu, Bi Thuraya. Wazee wake walikaa Unguja miaka mingi, Kiswahili anakijua kuliko mimi na wewe, kwa hiyo nikiongea na simu humu ndani ni sawa na kumsimulia yeye. Nikihamia Kihehe ananuna, anadhani namsengenya. Mara nyingine ni kweli. Barua hii anakuja nayo Halima, binti wa Mbeya, kwao ni wafanyabiashara pale Mwanjelwa, na hapa anafanya kazi nyumba ya jirani. Amemaliza mkataba, kesho anaondoka. Basi lake likisimama hapo Ilula atakuita dirishani. Mpe nyanya nzuri, usimpe zile za chini ya tenga.

Sasa nikwambie nilivyokwama.

Mkataba wangu uliisha kabla ya Ramadhani, hilo unalijua. Makubaliano yalikuwa nikimaliza wao wananikatia tiketi, narudi nyumbani. Mimi nilishapanga kila kitu. Nafika, namfuata Editha kwa wakwe zake kule Igawa, namleta nyumbani ajifungue mtoto wa kwanza kwa mama yake, kama sisi tulivyojifungua kwa mama yetu. Mimi ndiye nimkande, mimi nimpikie uji, mimi nimpokee mjukuu wangu mikononi. Basi. Sikuwa na haja ya kitu kingine chochote duniani, na hadi leo sina.

Kazi yangu hapa, kama nilivyowahi kukwambia, ni kumlea mama yake Bi Thuraya. Sote tunamwita Bibi. Amezeeka, miguu imekataa, kumbukumbu inakuja na kuondoka. Chakula hali ila nimlishe mimi. Binti yake wa kumzaa akija na kijiko, anafumba mdomo na kugeukia ukutani. Nikiingia mimi anafungua hata kabla sijakaa. Nampenda, dada, na hapo ndipo shida yangu inapoanzia.

Kila Ijumaa baada ya kula, Bi Thuraya huniita kwenye kochi. "Skola, hebu njoo tutazame tiketi yako." Anafungua simu, anaandika, anangoja, halafu anashika shavu. "Ya Rabi, imepanda tena." Ananigeuzia kioo nione mwenyewe. Namba nazijua, la saba nilimaliza, naona kweli imezidi ya Ijumaa iliyopita. Tukaenda hivyo wiki baada ya wiki, mpaka siku moja akanieleza. Hii mitandao ya tiketi, akasema, ina akili sana. Ukiitafuta safari ile ile mara nyingi inakushika, inajua huyu ana shida ya kusafiri, basi inampandishia. "Dawa yake tuiwache. Tusiiguse kwa muda, itatusahau, itashuka."

Na mimi nikaamini! Usinicheke. Wewe ungeamini haraka kuliko mimi, kwa sababu hiyo si ndiyo kazi yetu? Basi limesimama, abiria anatoa kichwa: mama, sado ya nyanya bei gani? Unamtajia. Anajifanya ameshtuka, anashuka, anaenda kwa mama wa pili, anaenda kwa wa tatu, mara huyo, amerudi kwako: eti ulisema bei gani? Weee! Hapo si umeshajua huyu haondoki bila nyanya? Unamwambia bei ile ilikuwa ya zile ndogo, hizi ni nyingine. Mimi na wewe tumesomesha watoto kwa watu waliouliza bei mara mbili. Kwa hiyo Bi Thuraya aliponiambia kuna mashine inayofanya vivyo hivyo, sikutaka ushahidi. Nikasema moyoni, kumbe huko nako wamekaa watu wa Ilula.

Nikaanza kuifanyia ujanja wa abiria, kujifanya sina haja. Simu yangu mwenyewe sikuthubutu kuitafutia chochote. Neno tiketi sikulitamka karibu nayo, na Dar es Salaam niliiita "kule". Nilikuwa nangoja mtandao uniite wenyewe, useme haya mama njoo basi, nikupunguzie. Haukuita. Tulipokuja kuangalia tena, bei ilikuwa imekwenda juu zaidi, na Bi Thuraya akasema labda hatukungoja vya kutosha.

Ni katika siku hizo ndipo Editha alinipigia, sauti imejaa furaha. "Mama, Masanja anaangalia tiketi zako kwenye simu yake kila siku! Leo ameona..." Sikumwacha amalize. Nilimwakia, dada. Nikamwambia mumeo aache mara moja, yeye na ng'ombe wake, kumbe ndiye anayenipandishia bei, mnaniharibia safari na hamjui. Akasema pole pole, "Sawa, mama. Kama hutaki kuja si useme tu." Akakata. Tangu siku hiyo ananijibu salamu na hakuna kingine. Mwanangu wa pekee, mimba ya kwanza, anaamini mama yake anatafuta sababu. Nililia mpaka Bibi akaniuliza nani amekufa.

Asubuhi huwa namtoa Bibi na kiti chake cha magurudumu mpaka kwenye kibustani cha mtaa huu, na Halima huwa pale na watoto wa bosi wake. Wiki iliyopita akaniambia tiketi yake imeshakatwa, tena kaitafuta mwenyewe, bosi amelipa tu. Nikamuuliza, umeipataje, si inapanda ukiitafuta sana? Alicheka mpaka watoto wakaja kuangalia kuna nini.

"Da Skola, mimi nimeitafuta asubuhi, nimeitafuta jikoni, nimeitafuta hata chooni. Ingekuwa inapanda kwa kutafutwa, si ingeshafika mwezini?"

Akasema kaka yake anakata tiketi pale Mbeya mjini na alishamwambia: bei inapanda viti vikipungua, inapanda sikukuu na likizo zikikaribia, ndege ikiwa haina watu inashuka. Watu wengi wanasema mtandao unakukomoa, lakini yeye hajawahi kuliona hilo. Mimi nikakaza shingo. Nikamwambia, wewe haikujui, mimi inanijua. Basi akatoa simu yake akaandika safari yangu, siku ile ile aliyokuwa anaiandika Bi Thuraya. Akatafuta. Akafunga, akatafuta tena. Akanipa mimi nitafute kwa kidole changu. Nikatafuta, nikarudia, nikarudia, Bibi anasinzia pembeni na jua linapanda. Bei haikutikisika. Na ilikuwa kama nusu ya ile ninayoonyeshwa kila Ijumaa.

Nikasema basi simu ya Bi Thuraya ndiyo iliyoshikwa. Halima akanitazama kwa huruma. "Ijumaa akikuita, usiangalie bei. Angalia vyote vilivyobaki."

Jana ndiyo ilikuwa Ijumaa. Akaniita kwenye kochi kama kawaida, akaandika, akashika shavu, akanigeuzia kioo. Sikuangalia bei. Kwa Halima niliona safari moja, Maskati kwenda Dar es Salaam, imeishia hapo. Kwa Bi Thuraya zilikuwa mbili. Ya juu Maskati kwenda Dar. Ya chini Dar kurudi Maskati, na tarehe yake, mwezi mmoja tu mbele, wakati watu wote wanarudi makazini na ndege zimejaa. Dada, miezi yote hii nimekaa pale nikimlaani Masanja wa watu, na kumbe natazama bei ya kurudishwa.

"Bi Thuraya, hii ya chini ni ya nini?"

"Ya kurudi, Skola."

"Ya kurudi nani?"

"Wewe. Kwani hurudi?"

"Mkataba wangu umeisha."

"Najua." Akaweka simu kwenye mapaja, akaifunika kwa kiganja. "Nikikukatia ya kwenda tu, utarudi?"

Ningeweza kumdanganya. Mdomo ukanitangulia. "Sirudi."

"Basi na tungoje ishuke," akasema, na akanimiminia chai.

Hakunigombeza. Heri angenigombeza, ningejua pa kumshika. Hata sasa sijui kama lile la mtandao kutushika alikuwa ananidanganya au naye analiamini. Nadhani analiamini kabisa, maana lilimfaa. Nilikunywa ile chai. Nikaenda kumlisha Bibi, akala vizuri, akanifuta jasho kwa upande wa shela yake. Nikajiona nitakaa kwenye nyumba hii nikimlisha mama wa mwenzangu, huku mwanangu anazaa na kulea na kuzeeka bila mimi, na kila Ijumaa nitaitwa kutazama.

Nikarudi sebuleni nikamwambia Bi Thuraya, kata zote mbili. Nitarudi.

Akainuka kwenye kochi. "Niahidi mbele ya mama."

Tukaingia chumbani. Akauchukua mkono wangu akauweka juu ya mkono wa Bibi, nikasema nitarudi. Bibi hakujua tunazungumza nini. Akasema tu, "Usichelewe, wali utapoa." Bi Thuraya akakata tiketi palepale amesimama, kwa ile ile bei kubwa, wala hakushika shavu.

Kwa hiyo nakuja, dada! Wiki ijayo, Mungu akinijalia. Nenda Igawa kamchukue Editha, usimwache apande basi peke yake na tumbo lile. Mwambie nilimgombeza bure. Mwambie Masanja naye anisamehe, na aangalie tiketi zote anazotaka. Alikuwa na bei sahihi mkononi siku ile na mimi sikumwacha mke wake aitaje.

Nisalimie mjomba fundi baiskeli na macho yake, mwambie dawa ya matone nimempatia. Nisalimie wifi yetu wa Kalenga anayejua kila jambo kabla halijatokea, na mama mkwe wa Editha, mwambie namshukuru kwa maziwa anayomnywesha mwanangu. Na jirani yetu wa vitunguu, mwambie sijamsahau ila asianze kuagiza vitu.

Limebaki moja, na ndilo hasa lililonikalisha niandike, maana nikishafika sitaweza kulisema kwa mdomo. Siku nitakayoingia, kabla hujanipa hata maji, nidai pasipoti. Ichukue ukaifiche, na usiniambie umeiweka wapi. Najijua. Mwezi ukikaribia kwisha Bi Thuraya atapiga simu aseme Bibi hali chakula. Sitasema anadanganya, maana itakuwa kweli. Atamsogezea Bibi simu, na Bibi ataniita kwa jina langu, hata kama atakuwa amesahau majina mengine yote. Nitafunga begi. Nitakulilia, nitakutukana, nitakwambia mimi ni mtu mzima na nimeapa. Usinipe, dada, hata nikikupigia magoti.

Na ukimaliza kuisoma barua hii ichome. Sitaki Editha aje ajue kwamba ilibidi nifichiwe pasipoti ndipo nikae naye.

Mdogo wako,
Skola