Yai la Siku ya Ishirini na Moja

Iloilo, 9 Machi

Kwako Dionesio, mume wangu,

Hapa hatujambo. Paa la jikoni limezibwa, na nguruwe wa mama yako amezaa saba.

Ulipoondoka kurudi melini, kifuko cha yai kilikuwa milimita kumi na moja tu. Daktari alikuambia, "Mayai ya mkeo yanakomaa polepole. Ongeza likizo wiki moja, au tuachie mbegu zako tuzigandishe." Ukacheka: "Mimi si dume la ng'ombe, daktari." Nilinyamaza ili nikutunzie heshima.

Niliendelea na sindano za kukuza yai peke yangu. Siku ya ishirini na moja ya mzunguko wangu, nesi alitazama picha ya ultrasound akatabasamu. "Dada, kifuko kimefika kumi na tisa, yai limekomaa. Leo mkalale mapema na shemeji." Nilivaa viatu nikatoka.

Jana mama yako aliniuliza tena, mbele ya majirani, tumbo langu litaamka lini. Zamani ningeinamisha kichwa. Safari hii nilimwambia, "Mama, yai lilikuja. Aliyekosekana ni mwanao." Hajanisemesha tangu hapo, nami sijaenda kumwomba radhi.

Ukipata likizo, pitia kwa daktari kwanza, ndipo uje nyumbani.

Mkeo,
Nenita