Saa Moja ya Kungoja

Mama yangu,

Amosi, nakusalimu kwa lugha yetu. Mgongo wako unaendeleaje? Na kile kiti cha saluni kinacholala upande mmoja, kimepata fundi? Huku shuleni Kehancha mvua inanyesha kila alasiri na sare zetu hazikauki. Mwili wangu ni mzima. Moyo ndio mgonjwa.

Wasichana wa bweni bado wananiita Mhasibu. Juzi mmoja aliniinamishia kichwa mbele ya wenzake akauliza, "Mhasibu, hii nywele yangu iko na faida ama hasara?" Wote wakacheka. Mimi nilienda nyuma ya maktaba nikalia, kwa sababu ilikuwa siku moja tu baada ya shangazi kuja kuniona.

Unakumbuka likizo ya Agosti, nilipokaa kwenye kibanda chako cha kusukia na daftari, nikitazama saa ya ukutani? Mwalimu wetu wa somo la biashara alikuwa ametufundisha kwamba ukitaka kujua kama kazi inalipa, usihesabu mafuta na uzi peke yake. Igawe kazi katika shughuli zake ndogo, kufumua, kuchemsha maji, kuosha, kusuka, kutembea, kisha kila mteja abebe gharama ya shughuli anazozisababisha. Hata kodi ya kibanda tuliigawa kwa saa ambazo kila mtu alikalia kiti.

Na ilifanya kazi, Mama. Rasta ulizozipenda kwa sababu ya noti kubwa zilikula siku nzima. Matuta ya watoto wa shule, uliyoyadharau, ndiyo yaliyokuwa yakilipa kodi. Ulipiga makofi ukasema, "Nyathina, mwanangu, kumbe hii shule haili karo bure!" Sijawahi kujisikia mrefu namna ile.

Kisha tukafika kwa Mwalimu Wilkista, aliyenifundisha darasa la tatu, ambaye ulikuwa ukimfuata nyumbani kila Jumanne tangu ugonjwa umlaze upande mmoja. Alikulipa shilingi mia mbili. Bodaboda kwenda na kurudi, mia moja. Kumwosha akiwa amelala, kufumua, kusuka. Halafu kulikuwa na saa nzima ambayo sikujua niiweke wapi. Nikaiandikia "kungoja".

Ukauliza, "Hiyo kungoja ni nini?"

Nikakujibu, "Ni saa ambayo husuki, Mama. Unakaa tu."

Ukatoa nywele zilizokwama kwenye chanuo, ukasema, "Kweli. Nakaa tu."

Nami nikaandika HASARA kwa kalamu nyekundu, nikapiga mistari miwili chini yake.

Jumapili shangazi alipokuja aliniletea njugu na habari. Alisema huendi tena kwa Mwalimu. "Mama yako anasema daftari lako limekataa." Alisema nywele za Mwalimu zilishikana mpaka binti yake akamnyoa, na kwamba Mwalimu alijitazama kwenye kioo akasema, "Sasa nimerudi kidato cha kwanza," lakini hakucheka. Kisha shangazi akasema, "Na barua zako tatu ziko kwenye kikapu cha chanuo. Hazijafunguliwa."

"Kwa nini?"

"Nani atamsomea? Si Mwalimu ndiye alikuwa anamsomea? Hukujua?"

Sikujua. Nilijua kuna mtu anakusomea, lakini nilidhani ni yule kijana wa duka la dawa. Shangazi aliniambia kwamba hata likizo, nikiwa nyumbani, ulibeba barua zangu za zamani chini ya mafuta ya nywele ili Mwalimu akusomee tena zile ulizozipenda. Niliandika hasara kwenye saa uliyokuwa ukinisikiliza. Na wewe hukunirekebisha, kwa sababu ungelazimika kusema kwa kinywa chako kwamba kusoma kunakushinda. Ningeona aibu yako, ukaona heri nione uvivu wako.

Shangazi anasema unakataa kwenda kwa sababu kichwa kimenyolewa na huwezi kuingia nyumba ya mtu mikono mitupu. Ndiyo maana nimemwomba akupe barua hii ikiwa imefungwa, na akuapishe kwamba haifunguliwi na mtu mwingine ila Mwalimu. Kama ametimiza, basi sasa uko kando ya kitanda kile, na sauti unayoisikia si yangu.

Mwalimu, shikamoo. Ni mimi, Achieng', yule aliyekuwa akijificha nyuma ya dawati ulipouliza swali. Nilikuhesabu vibaya. Kosa ni langu, si la Mama. Tafadhali umsomee na zile tatu, taratibu, na mahali nilipokosea herufi usahihishe kama zamani. Nisamehe kwa nywele zako.

Mama, nisalimie mdogo wangu na umwambie asiguse vitabu vyangu vilivyo chini ya kitanda. Msalimie nyanya, mama yake baba, na umwambie lile blanketi lake linanifunika kila usiku. Shangazi mshukuru kwa njugu. Wenzangu walizimaliza kabla sijafika bwenini.

Nywele za Mwalimu zitaota. Usingoje ziote.

Mwanao,
Achieng'