Kidirisha cha Kijani Chenye Komeo

Mabela, Maskati
Ijumaa, baada ya chakula cha mchana

Kaka yangu Hafidh,

Naanza na siri, salamu zitafuata, maana najijua: nikianza na salamu nitajificha humo humo mpaka karatasi iishe. Hakuna niliyemwambia, si Mama, si nduguye Khalti Zuwena, si msichana ninayekaa naye dawati moja. Tangu mwaka jana nachora matofali ya kuchezea kwenye kompyuta. Ndiyo, yale yale ya plastiki ya kubananisha, yenye chunusi juu. Nina miaka kumi na tano na bado niko kwenye matofali. Cheka kwanza, halafu uendelee kusoma.

Sasa, assalaam alaykum. U hali gani? Bibi magoti yake vipi, bado anayasingizia mvua? Na kile kidole ulichokipiga nyundo, kucha imeota? Sisi wazima, alhamdulillahi. Joto limeshaanza, viatu ukiviacha nje ya mlango unakuja kuvivaa kwa kurukaruka. Mama kazi yake ya chekechea anaipenda, kila siku anarudi na gundi kwenye buibui. Ningekutumia ujumbe wa sauti, lakini nyumba hii ukinong'ona chumbani unajibiwa jikoni. Kwa hiyo barua hii anakuja nayo Khalti Zuwena akija huko kwenu kwenye harusi, na nitaibandika utepe kila upande kwa sababu unamjua. Hata sasa naandika kitabu cha fizikia kikiwa karibu. Nikisikia nyayo, nafunika.

Nikueleze. Kuna watu, wako kila pembe ya dunia, wanajenga maktaba moja ya matofali. Si ya kushika, ya kwenye skrini. Mtu anachukua kipande chake, awe na tofali la kawaida au kofia ya zimamoto, anakipima, anakichora ncha kwa ncha kwa tarakimu, anakiweka pale, na yeyote anakichukua bure akajengee nyumba zake. Hakuna anayelipwa. Sharti lao kubwa ni kwamba huchori usichokishika mkononi. Ukimaliza, wenzako wanakikagua, na wakiona kosa wanakizuia mpaka urekebishe. Kikipita, jina lako linakaa mstari wa juu, na hata akija mwingine miaka ijayo kukiboresha, lako haliondolewi.

Unaikumbuka ile ndoo ya matofali marehemu Baba aliyotuletea kutoka mnadani? Siku mimi na Mama tunahamia huku, aliniambia nichague kitu kimoja tu, begi limejaa. Nilichukua kidirisha cha kijani, kile chenye mabawa mawili, nikakitia kwenye mkebe wa penseli. Basi nilipoijua hiyo maktaba nikakitafuta. Vidirisha chungu nzima, hicho hakimo! Moyo ulinidunda kama nimeitwa ubaoni.

Nikahitaji kalipa, ile rula ya chuma yenye midomo miwili, wewe fundi unaijua. Nilitunza zawadi zangu za Idi, tukaenda Khuwair ya Kusini, Mama akaingia duka la vitambaa, mimi nikachomokea duka la vifaa la pembeni. Muuzaji akaniuliza kwa Kiarabu, "Ya baba yako?" Nikasema ndiyo. Nikajiambia si uongo sana, ndoo si ilikuwa yake?

Siku moja Khalti Zuwena akanifuma nayo, maana kubisha hodi hajui.

"We Thuraiya! Chuma cha gereji hicho unakipeleka wapi?"

"Napima, Khalti."

"Wapima nini?"

Akaniangalia mikono. "Kucha? Khaa! Wasichana wa siku hizi kucha mwazipima kwa mashine!" Akatoka anacheka, na jioni akamhadithia Mama mbele yangu, na mimi nikala halwa yangu kama vile anasemwa mtu mwingine.

Nikamaliza kuchora, nikapeleka. Huko natumia jina la Kijino, hakuna anayejua mimi ni nani. Mkaguzi wa mwanzo ni mzee wa Uholanzi, zamani alikuwa dereva wa treni. Akaandika, "Kazi safi. Lakini hili pengo dogo ubavuni ni la nini? Mimi ninavyo vinne, hakuna chenye pengo."

Mimi, niliyelipima pengo lile kwa mapenzi yote, nikamjibu kwa kujiamini, "Labda vyako ni vya toleo jingine."

Kaka, nilianzisha balaa. Mama mmoja wa Brazili akaenda kufungua makasha ya wanawe waliokwisha kuoa. Mwingine akasema huenda ni toleo adimu, alisikia habari zake zamani. Watu wazima, wenye mvi zao, wanabishana kuhusu pengo la kidirisha changu! Mwisho mzee akaniomba picha ya karibu. Nikampelekea. Akajibu, "Rafiki, hii si kazi ya kiwanda. Hii ni tupa. Nyumbani kwenu kuna mtu ana mkono mzuri."

Hafidh! Ni wewe!

Nikakumbuka pale pale. Ulikata pengo upitishe njiti ya kiberiti iwe komeo, ukawa unafunga na kufungua na kusema, "Mwizi haingii humu." Mimi nilikuwa mdogo sana, nikakua nikidhani kimezaliwa hivyo. Ilibaki kidogo dunia nzima itengenezewe dirisha lenye komeo lako!

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Lakini mzee akauliza, "Komeo lilifanya kazi?" Nikaandika. Kaka, nimeandika Kiingereza kirefu kuliko chote nilichowahi kusema shuleni. Shuleni Kiarabu changu kikitoka wanacheka, Kiingereza nakimeza, darasani husikii kwangu ila "hadhir", nipo, jina likiitwa. Pale hakuna anayeisikia lafudhi yangu. Nikawaeleza komeo, njiti, ndoo ya Baba, na kwamba aliyelikata sasa anatengeneza milango ya kweli. Wakafurahi mno. Nikaliziba pengo kwenye mchoro, wakakikagua tena, wote wakakubali.

Sasa ndiyo shida yangu. Kijino hakubaliki. Mstari wa juu wanataka jina la kweli, na kwa aliye chini ya miaka kumi na minane wanataka mistari miwili ya ruhusa kutoka kwa mzazi au mlezi. Mwezi ukiisha bila ruhusa wanakitoa kwenye foleni, na yule mama wa Brazili amekipata chake kwenye kasha, yuko tayari kukichora. Mama alishasema, "Watu wa mtandaoni hawana sura, sitaki uzungumze nao." Nikamwambia sizungumzi nao. Basi nakuomba wewe, ni mtu mzima, ni kaka yangu: niandikie hiyo mistari miwili kama mlezi. Nataka jina langu na la Baba yakae pale juu ya kile kidirisha. Sijawahi kutaka kitu hivi.

Ila kuna jambo linanisumbua, nalo nikuambie. Juzi Mama aliingia na nguo zilizopigwa pasi. Nikafunga kompyuta upesi. Akakiona kidirisha mezani, akakichukua, akafungua bawa kwa ukucha.

"Hiki unacho bado?" akacheka. "Hafidh kanimalizia viberiti vyangu kwa hiki. Baba yako ndiye aliyempa tupa, nnajua."

Akakirudisha taratibu. Akasimama kidogo, kama anayengoja kuambiwa kitu. Nikajitia kupanga nguo. Akaenda zake.

Msalimie sana Bibi, umbusu mikono. Mwambie udi alioniagiza umo begini kwa Khalti. Msalimie bwana mkubwa wako wa karakana, yule aliyenifundisha kupiga randa akanikemea kwa kuikamata kama chapati. Mpe salamu jirani yetu Bi Mwanajuma, na umwambie paka wake nimemuota.

Subiri.

Nyayo. Za Mama hizi, kandambili ya kushoto anaiburuta. Anakuja na chai, nasikia vikombe.

Kaka, ile mistari miwili usiiandike. Kitabu cha fizikia nimekirudisha rafuni. Karatasi ipo wazi mezani, na kidirisha nimekiweka juu yake ili feni isiipeperushe.

Anagonga.

Mdogo wako akupendaye,
Thuraiya Salum