Pikipiki ya Magurudumu Manne Haiji

Tunduma, Jumatatu

Baba yangu,

Shikamoo. Najua anayekusomea ni Yona, maana miwani yako haijawahi kukaa mahali pamoja. Basi na wewe Yona, mdogo wangu, salamu. Magoti yanaendeleaje, Baba? Mama amepona kikohozi? Mimi ni mzima, bado nawapikia madereva wa malori, ingawa wiki hii chumvi nimeizidisha na wamenisema sana. Sikupiga simu kwa sababu ungeisikia sauti yangu ungejua kila kitu kabla ya salamu kuisha.

Ile pikipiki ya magurudumu manne haiji.

Kuipata niliipata. Mwenye nyumba ya wageni upande wa Zambia, aliyekuwa akiwakodishia wageni waichezee porini, aliniuzia kama tulivyopatana. Ina nguvu, ingeupanda mlima wetu wa Ibaba bila kukohoa. Shida ikawa kuivusha. Hapa mahindi na sabuni hupita njia za panya kila siku, mtu unazoea. Shemeji, mume wa dada Neema, akasema, "Injini ikizimwa, huo ni mzigo tu. Nani anaandikisha mzigo?" Nikamwamini. Tukaifunika turubai, tukaisukuma.

Tulipotokeza upande wetu, askari alikuwa amesimama pale. Akafunua turubai.

"Dada, mzigo gani huu una usukani na taa mbili?"

Shemeji, mwenye maneno kuliko redio, akainama kufunga kamba za viatu.

Yule askari hakunifokea, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Alinieleza taratibu kwamba chombo kisichopita forodhani hakisajiliwi, na kisichosajiliwa hakipewi namba. Nikamwambia ni cha baba yangu asiyeweza kutembea, kitatoka nyumbani hadi kanisani tu, vichakani huko. Akasema, "Na barabara ya serikali mnaivukaje?" Tukakisukuma hadi kituoni kwao. Sasa kimefungiwa kwao, na kila nikienda naambiwa nisubiri, huenda kisirudi kabisa. Nimelia, Baba.

Usingizi unanipaa nikikumbuka vijana wa kwaya walivyochimba njia pana kutoka mlangoni petu hadi kanisani, wakasawazisha hata pale penye utelezi, nawe ukatangaza kwamba Sikukuu ya Mavuno utafika umeketi mwenyewe. "Mimi si gunia," ulisema siku ile Yona alipoteleza nawe mgongoni, mkaangukia matopeni wote wawili. Nimekuaibisha mbele ya watu, na naona haya.

Nisalimie Mama, shangazi wa kwaya, na jirani yetu tunayepakana naye shamba la kahawa. Waambie vijana wasiifukie ile njia. Na wewe Baba, nakuomba, siku ya mavuno usijifungie ndani kwa hasira. Panda mgongo wa Yona. Safari hii hatateleza, njia wameshaisawazisha.

Binti yako anayekuwaza,
Atupele