Nywele Chini ya Kofia

Shule ya Yatima, nje ya Hobart,
Ardhi ya Van Diemen.
Sikukuu ya Mtakatifu Brigida, 1844

Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakusalimu kwa heshima na mapenzi, nikitumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba kifua hakikusumbui kama majira ya baridi yaliyopita. Ukiniuliza mimi, sijambo. Nakula, nalala, na nimepandishwa darasa katika kusoma na kushona. Huku sasa ni kiangazi. Padri Looney aliniandikia kwamba uliposikia Krismasi yetu huja na jua kali ulisema nchi ya namna hiyo haikubarikiwa, nami nilicheka sana. Msalimu Padri, maana najua ndiye anayekusomea haya. Mwombe asome polepole, na akifika mwisho asiruke neno hata moja.

Uliomba mambo mawili: habari za kweli za Mama, na kishungi cha nywele zake ili uzikwe nacho siku yako ikifika. Vyote viwili nimekuletea, lakini naomba usikilize habari kwanza.

Mama bado yuko Kiwandani. Kwa jina ni kiwanda, lakini ni gereza, Bibi; wanawake hufua nguo za mji na kusokota sufu, na milango hufungwa kwa nje. Tangu meli ya wafungwa ituteremshe huku nikiwa mtoto wa miaka mitano, yeye amekaa kwake na mimi hapa shuleni na watoto wengine wa wafungwa, na tunaonana Jumapili chache anazoruhusiwa. Mwaka juzi walimtoa akatumike katika nyumba ya mfanyabiashara mmoja. Huko akasikia kwamba homa imeingia shuleni kwetu. Aliacha vyombo ndani ya beseni akaja mbio kunitazama, bila kuomba ruhusa. Wakamrudisha Kiwandani, wakamnyoa kichwa, adhabu ambayo wanawake wa kule huiogopa kuliko njaa. Mimi sikuwa hata na homa.

Njia ya kutoka mapema na kumchukua mtoto ni moja tu, nayo ni kuolewa. Mwanamume mwenye kibali cha kuoa huja, wanawake wa kundi la tabia njema hupangwa uani, naye hupita akiwatazama. Anayempenda humwangushia leso miguuni. Mwanamke akiiokota, amekubali. Haya yote niliambiwa na Bi Peg Hanratty, mfungwa mwenzake Mama, aliyekuwa akiletwa hapa shuleni kila wiki kutufulia nguo. Alisema wanapangwa kama kondoo wa mnada, ila kondoo haambiwi atabasamu.

Mama alikuwa amekwisha kurudishwa kwenye kundi la tabia njema, lakini nywele hazirudi kwa amri ya mkubwa. Wanaume hutazama ukingo wa kofia. Wasipoona nywele, hujua huyu aliadhibiwa, nao hupita. Walimpita Mama wengi. Nami mwezi wa nne natimiza miaka kumi na minne, na msichana wa umri huo hutolewa hapa kwa mkataba wa utumishi mpaka afikishe kumi na minane, popote atakapotakiwa. Ilikuwa lazima Mama achaguliwe kabla ya siku hiyo.

Basi nikachukua mkasi wa darasa la kushona nikakata nywele zangu. Unazikumbuka, Bibi? Ni rangi ileile ya Mama, ile uliyokuwa ukiiita kutu ya jembe lililosahauliwa mvuani. Nilizishona kwenye utepe wa kitani, uzi mara mbili, kama mwalimu alivyotufundisha, kisha nikaushikiza utepe ndani ya ukingo wa kofia ya Mama, aliyokuwa ameileta Bi Peg, ili shungi litokeze kidogo tu juu ya paji la uso. Matroni, mkuu wetu, aliponiuliza nilimwambia nilikuwa na chawa. Bi Peg aliificha kofia katikati ya nguo zilizofuliwa, akampelekea Mama. Alisema hata askofu angeichumbia kofia ile, bila kujali iko juu ya kichwa cha nani.

Haukupita mwezi Mama akaangushiwa leso. Mwanamume ni Bwana Amos Tredgold, ambaye zamani naye aliletwa huku kwa minyororo na sasa ana kondoo wake karibu na Bothwell. Bi Peg aliniambia hana meno mengi, lakini hana ngumi pia, na hilo la pili ndilo la kutazama. Alikubali kunichukua na mimi, akasema msichana wa umri wangu anaweza kukamua ng'ombe. Ndoa ikatangazwa kanisani. Nililala nikiota maziwa.

Jumapili moja kabla ya harusi waliletwa shuleni anione. Mama alikuwa mzuri, Bibi. Nilikuwa nimesahau kwamba bado ni kijana. Bwana Tredgold alinipa kipande cha mkate wa tangawizi kilichokuwa kimevunjikia mfukoni, akaomba radhi kwa makombo. Aliniuliza kama naogopa mbwa. Nilimsomea zaburi, naye akasikiliza akiwa ameshika kofia yake magotini. Nilianza kumpenda kidogo.

Ndipo Matroni, kwa nia njema kabisa, akaanza kunisifu. Alimwambia Bwana Tredgold kwamba mimi ni msafi kuliko wote, kwamba nilipopata chawa nilizikata nywele zangu mwenyewe bila kusubiri kuambiwa. Akaniagiza nivue kofia, mgeni aone zinavyoota vizuri.

Nilimtazama Mama. Mama alitazama sakafu. Nikavua.

Bwana Tredgold amekata manyoya ya kondoo tangu ujana wake. Alikitazama kichwa changu, kisha paji la uso la Mama, kisha kichwa changu tena. Aliinuka, akaingiza kidole chini ya ukingo wa kofia ya Mama, polepole kama mtu anayekagua sufu, na utepe wangu ukatoka mkononi mwake.

Aliugeuza utepe, akaitazama mishono yangu. Kisha akasema, "Mwanakondoo akifiwa na mama yake, tunamvisha ngozi ya mwingine aliyekufa, ili kondoo jike aliyefiwa amdhanie wake. Nimefanya hivyo mara nyingi. Sikudhani nitafanyiwa mimi."

Mama akamjibu, "Na kondoo jike humkubali, Bwana. Humnyonyesha mpaka anakua."

"Kwa sababu hajui," akasema. "Mimi nimejua."

Hakusema kwa hasira. Nadhani angekuwa na hasira ingeisha. Aliliweka shungi juu ya meza, akavaa kofia yake, akatoka.

Mama amerudishwa kwenye kundi la wakosaji kwa kosa la udanganyifu, na hata zile chache zilizokuwa zimeota wamezinyoa. Bi Peg haletwi tena, kwa hiyo sina wa kuniletea habari. Mimi nimekwisha kutafutiwa bwana wa kumtumikia huko Launceston, upande mwingine wa kisiwa, ambako Mama hawezi kufika hata akiacha vyombo vyote duniani ndani ya beseni. Matroni alilia aliponiambia. Simlaumu, nawe usimlaumu.

Sasa Padri asome taratibu. Kishungi utakachokikuta ndani ya karatasi ya buluu si cha Mama. Ni changu. Mama hana hata unywele mmoja wa kukupa. Walipokuwa wakimtoa mlangoni aligeuka akaniambia, "Mpelekee bibi yako hizo. Akizishika atajua ni zetu." Nilitaka kukuandikia kwamba ni zake, ufurahi, lakini utakwenda nazo kaburini na sikuweza kukudanganya hadi huko. Kama hazikufai, Padri azichome. Kama zinafaa, zilikuwa juu ya paji la uso wake mpaka mtu akamwangushia leso, na siku zile alikuwa akiimba.

Zangu zimefika masikioni. Nazisuka kila asubuhi ingawa bado hazisukiki. Nimeomba huko niendako wasizikate, maana huenda Mama akazihitaji tena.

Wasalimie majirani wote, na mbuzi wako mkorofi kama yu hai bado. Ukisali rozari jioni, tutaje kwa pamoja, jina la Mama na langu bila kupumua katikati, ili huko juu angalau tufike pamoja.

Ni mimi mjukuu wako akupendaye,
Onora Keohane