Jekundu au Jeupe

Lenka mwanangu,

Hapa Strumica ni joto tu. Paka wa jirani kazaa ndani ya jiko letu la kuchomea pilipili hoho, na sijamfukuza.

Injini ya gari imekufa. Fundi Goce kaifungua, kachungulia, kasema, "Mzee Trajan, hii ndiyo basi tena. Tafuta gari jingine."

Baba yako akamjia juu: "Nyamaza! Wewe spana umeishika juzi tu!"

Tangu hapo hatupumui. Asubuhi anataka tufunge injini nyingine, jioni anataka gari jipya kabisa, lenye buti kubwa la kubebea magunia ya pilipili hoho Septemba.

Daktari kaniambia mimi peke yangu kwamba Septemba baba yako hataiona.

Jana kaniuliza, "Mama Lenka, tuchukue jekundu au jeupe?" Nikambishia kwa nguvu zangu zote kwamba jekundu linapauka upesi juani. Alifurahi kweli kupata wa kubishana naye.

Omba ruhusa kazini huko Vienna, upande basi uje. Ukifika usilie. Mwambie umekuja kumsaidia kuchagua gari.

Mama yako,
Zorka