Mama Ahamia Mji wa Mashine

Jumapili, 12 Oktoba 2025

Mama amenichosha! Nimemsomea sehemu ya sita ya hadithi yangu ya redio: mji ambako hakuna anayefua, kupika wala kulima, mashine zinafanya yote, watu wamekaa raha mustarehe. Nilitarajia asifu. Akauliza:

"Sasa mutu akifiwa, ni mashine iko inakuja kulia?"

Nikasema huko watu hawafi ovyo. Akasema basi wanangoja nini.

Na Modeste wa redio kapiga simu — anataka mwisho wa furaha, Ijumaa. Wakosoaji wote hawa, hata barua hawajawahi kuandika!

Niseme kweli, maana hapa hakuna anayesoma. Mji ule niliujenga kwa sababu ya bega la Mama. Daktari kasema akiendelea kusukuma mti wa kinu cha mawese, mkono wa kulia hautanyanyuka tena. Yeye hasikii. Kila asubuhi yuko kwenye ikibiri, kazi yao ya kusaidiana kwa zamu, na wenzake sita: leo wanakamua kwa huyu, kesho kwa yule, wanazunguka kinu wakiimba na kusengenya Rumonge nzima. Na ana miaka sitini na mitatu!

Jumatatu, 13 Oktoba

Tumewekeana masharti. Yeye ndiye kaanza:

"Bon. Nihamie huko kwako mupaka Ijumaa. Nikipenda, kinu naacha kabisa. Nisipopenda, usinitajie bega tena, Sabrina."

Nimekubali kabla hajameza mate. Asiguse kitu. Mashine ni mimi.

Chikichi zake nimezipeleka kwenye kinu cha mota, pale barabarani. Dakika arobaini, kwisha! Kazi ya wanawake saba siku nzima.

Jumanne, 14 Oktoba

"Mashine! Chai."

"Mashine, sukari iko wapi?"

"Mashine, nikune mugongo. Hapana — chini. Chini!"

Amekaa mkekani kama bibi harusi. Nikimwuliza kama chumvi imekolea, ananijibu mashine nzima haiulizi. Sijaandika hata mstari mmoja. Mgongo unaniuma, ndagala zimeungua, na bado anacheka na jirani kupitia dirishani, anamwambia mashine yake ni ya zamani kidogo.

Jumatano, 15 Oktoba

Binti wa Mama Exaucé, mwenzake Mama wa kinuni, kajifungua. Wanawake wa ikibiri hawaendi kwa mzazi mikono mitupu. Kila mmoja hubeba mawese aliyokamua na wenzake, na kila mkamuo wanaujua kwa jina: huu wa siku ya mvua, huu wa siku tuliyogombana. Mama kajifunga kitenge kipya. Nikamletea chupa, imejaa, safi, nyekundu.

"Hii nani alikamua?"

"Mota, Mama."

"Basi mota iende."

Akavua kitenge. Nilipandwa na hasira. Mafuta ni mafuta! Mzazi ataonja nini, mota? Nilidhani atanijibu tugombane. Akasema polepole:

"Iko sawa, mwanangu. Kwenye muji wako hakuna muzazi anakosa kitu."

Hakuwa ananikejeli. Hapo ndipo nilipoudhika zaidi.

Alhamisi, 16 Oktoba

Haniiti tena. Chai imepoa mbele yake.

Nikauliza bega. Akanyanyua mkono hadi juu ya kichwa, vizuri kabisa, akaushusha. Mwezi mzima hakuweza. Ningepaswa kupiga vigelegele.

Ijumaa, 17 Oktoba

Nimeshinda. Baada ya swala Mama kasema: "Ulisema kweli. Nimeupenda muji wako. Kinu naacha." Kisha akakaa. Hajauliza mjukuu wa Mama Exaucé ni wa kike au wa kiume. Mama yangu! Yeye ambaye hujua mimba za mtaa huu kabla ya wenye mimba.

Modeste kapiga simu. Mwisho uko wapi? Nikamwambia mtu wa hadithi yangu amekaa. Anafanya nini? Amekaa, Modeste! "Lakini iko na furaha?" Nikamkatia simu.

Najichukia. Nilitaka apumzike, sikutaka anyamaze.

Sasa Mama Exaucé na wenzake wako mlangoni. "Amahoro, Sabrina." Kuna mwanamke kahamia hapa kutoka Gitaza, mgeni, ana nguvu, anaomba kuingia ikibiri. Mti wa kinu una nafasi saba, hauna ya nane. Akishapewa hanyang'anywi. Mama kasema ameacha — wampe?

Wamemwuliza Mama mwenyewe. Hakugeuka. "Mumuulize Sabrina. Ni muji wake."

Nimesema nachukua ushungi, nimekuja chumbani, naandika haya nimesimama. Nikisema wampe, mkono wa Mama umepona. Daktari atanisifu. Nikisema wasimpe, Jumatatu yuko kwenye mti, na mwakani nitamlisha kwa kijiko. Kwa nini mimi? Nani kanifanya serikali?

"Sabrina! Tumupe?"

Nakuja! Nimechungulia kupitia pazia. Mama yuko palepale mkekani, amewapa mgongo. Lakini miguuni — yeye ambaye hutugombeza tukikanyaga mkeka na viatu! — amevaa kandambili zake za kinuni, zote mbili, kama aliye tayari kwenda.